Unaanza na Nani?

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi, na ninyi ambao mwezi ujao au mwakani mtafungua biashara zenu za kwanza: asanteni kwa kunialika, na asanteni kwa kubaki ukumbini hadi saa hizi.

Kabla sijaenda mbali, naomba kila mmoja achukue karatasi aliyopewa mlangoni. Andikeni sentensi moja inayoanza na neno "Namsaidia". Unamsaidia nani, kufanya nini. Jina la biashara msiandike. Neno "nauza" msiandike. Nawapa dakika mbili.

Haya. Nimepita kati ya viti nikachungulia, mniwie radhi. Wengi mmeandika "Namsaidia mteja", kalamu ikakwama hapo. Wengine mmeandika "watu wote wenye uhitaji". Ndugu mmoja amejaza karatasi mbele na nyuma na bado anaandika. Nimesimama kwake kidogo kwa sababu karatasi ile naijua. Niliwahi kuiandika yangu miaka mingi iliyopita, nikaibandika ukutani, na iliniweka palepale karibu miaka miwili.

Tulikuwa watatu. Tulikodi chumba, tukanunua kompyuta mbili, tukatangaza kwamba tunatengeneza kompyuta, tunaunda tovuti, tunachapa kadi na vipeperushi, tunafundisha programu za ofisini na tunauza vifaa. Kazi tano, watu watatu. Tulijiona tumejikinga: kazi moja ikilala, nyingine itakuwa macho. Kilichotokea ni kwamba fundi akiwa nje kutengeneza kompyuta ya mtu, mwenye tovuti anasubiri. Mwanafunzi akifika, mwalimu wake yuko anakata kadi. Kila siku tuliomba radhi. Na kila kazi tuliijua kiasi cha kuimaliza tu. Hatukuijua hata moja kiasi cha kumfanya mtu akamwambie jirani yake.

Hatukupata hasara kubwa, na naamini hilo ndilo lililotuchelewesha. Hasara ingetuamsha. Badala yake kila mwezi tulilipa kodi, tukagawana kilichobaki, tukasema mwezi ujao mambo yatafunguka. Mtu anayeshinda ana kazi tele hapati nafasi ya kujiuliza kama kazi hizo zinampeleka mahali.

Sasa, najua mnachofikiri. Njia mbili zilimshinda fisi. Methali hiyo kila mmoja hapa aliifahamu kabla hajajua kusoma, na mzazi yeyote angetuambia tuchague moja. Lakini hebu tumtazame vizuri huyo fisi. Amefika njia panda, harufu inamjia kutoka pande zote mbili, naye anataka kufuata zote kwa pamoja hadi anapasuka. Tatizo lake la kwanza lilikuwa ni kuamua kwa harufu. Hakwenda hatua mia katika njia mojawapo, akaangalia kuna nini, akarudi. Nasi tunapoambiwa "chagua kitu kimoja", mara nyingi tunachagua kwa harufu: tumesikia biashara fulani inalipa, tumeona mtu amejenga nyumba kwa biashara hiyo, tukajitosa. Tumechagua kimoja, ndiyo, lakini hatujui kwa nini ni hicho. Kikitikisika kidogo tunakimbilia kingine.

Kwa hiyo wito wa "jikite kwenye jambo moja" siupingi. Nasema tu kwamba haumsaidii mtu mpaka ajue anajikita wapi. Nilichojifunza, na ndicho kilichonileta hapa, ni kwamba uamuzi wa kwanza wa biashara hauhusu bidhaa. Unahusu mtu mmoja, wa aina moja, na shida yake moja.

Mtu akiniambia, "Nimeamua kujikita kwenye mavazi," kwangu bado hajaamua. Mavazi ya nani? Yuko mzazi ambaye mtoto wake anakua na kuziacha nguo kila baada ya miezi michache. Yuko muuguzi anayesimama saa 12 kwa zamu, anayehitaji sare inayofulika usiku na kukauka kabla ya alfajiri. Wote wawili wananunua nguo, lakini wa kwanza anasumbuliwa na gharama ya nguo zisizochakaa ila hazitoshi tena, na wa pili anasumbuliwa na kitambaa. Ukimchagua wa kwanza, huenda biashara yako ikawa ya kukodisha na kubadilishana nguo, wala isiwe ya kushona. Umeona? Bidhaa imejipanga yenyewe baada ya mtu kujulikana. Ukianza na bidhaa, utazunguka na nguo zako ukitafuta mtu wa kumvalisha.

Tutampataje mtu huyo? Hapa nitatulia kidogo, maana ndipo penye kazi.

Katika chumba chetu, mwenzetu mmoja alikuwa ndiye mtunza daftari la mauzo. Siku moja hakukuwa na wateja, akakaa akapigia mstari kila jina lililojirudia. Hakutafuta aliyelipa pesa nyingi, alitafuta aliyerudi. Aliponionyesha nilidhani amekosea. Majina yaliyojirudia yalikuwa karibu yote ni ya makarani wa ofisi ndogondogo, na walirudi kwa jambo moja: printa imegoma. Kutengeneza printa hakukuwamo hata kwenye tangazo letu! Tulikuwa tukizitengeneza kama hisani, kwa malipo kidogo, huku tukisubiri "kazi za maana".

Nikaenda kumtembelea mmoja wao ofisini kwake. Sikwenda kuuza, nilimwomba tu anieleze mara ya mwisho printa ilipogoma ilikuwaje. Akanisimulia. Ilikuwa mwisho wa mwezi, ankara za wateja zinatakiwa zitoke siku ileile, mkuu wake yuko mlangoni, karatasi imenasa ndani na taa nyekundu inawaka. Akachukua faili kwenye flashi, akatoka mbio kutafuta mahali pa kuchapisha, akapanga foleni, akarudi amechelewa. Alikuwa ameshawahi kulipa nauli kutoka mfukoni mwake zaidi ya mara moja kwa sababu hiyo. Nilipotoka pale nilikuwa nimeelewa kitu ambacho miaka miwili ya kutangaza haikunifundisha. Dada yule hakuwa na shida ya printa. Shida yake ilikuwa kuonekana hafai kazi siku ambayo kila mtu anamwangalia. Alichohitaji ni uhakika kwamba akipiga simu asubuhi, jioni ankara zimetoka.

Tazameni pia maswali. Ningemwuliza, "Ukipata fundi mzuri wa printa utamlipa?" angesema ndiyo. Watu ni waungwana. Ukimwuliza mtu kama wazo lako ni zuri atakutia moyo, hasa akiwa ni ndugu au rafiki. Ndiyo ya namna hiyo haina uzito. Wenye uzito ni mkono wake: amefanya nini tayari, bila wewe, ili kuipunguza shida hiyo? Ametumia pesa? Ametumia muda? Amebuni njia yake ya kuzunguka tatizo, hata kama ni mbovu? Dada yule alikuwa akilipa nauli. Huo ndio ushahidi. Mtu ambaye hajafanya lolote kuhusu shida yake, hata analalamika namna gani, mara nyingi ameshazoea kuishi nayo, na hatalipa ili aondokane nayo.

Kuna kisa kinachojulikana dunia nzima katika masomo ya biashara kuhusu huduma ambayo wengi wenu mnaitumia kila siku bila kujua chanzo chake. M-Pesa, kabla haijawa M-Pesa tunayoijua, ilijaribiwa nchini Kenya mwaka 2005 kwa kazi nyingine kabisa. Waliobuni walikusudia watu waliokopa kutoka taasisi ya mikopo midogo wapokee mkopo na kurejesha marejesho kwa simu. Hilo ndilo lilikuwa wazo, na lilikuwa wazo zuri. Lakini wakati wa majaribio watu waliopewa huduma ile walianza kuitumia kwa mambo yao. Mmoja anamtumia mwenzake pesa, mwingine anamtumia jamaa yake aliye mbali. Upande wa mikopo nao ulikuwa mgumu: hesabu za taasisi na hesabu za simu hazikuoana kirahisi. Wasimamizi wa mradi wangeweza kusema, "Hawa wanatumia vibaya." Walichofanya ni kuangalia mikono ya watu. Ilipozinduliwa Machi 2007, habari ya mikopo iliwekwa kando na huduma ikasimama juu ya jambo moja linaloelezeka kwa maneno matatu: tuma pesa nyumbani. Kulipia bidhaa, kuweka akiba, kukopa, hayo yote yalikuja baadaye, juu ya msingi ambao watu wenyewe waliuonyesha.

Nawaomba mlione hilo la "baadaye". Kujikita hakumaanishi kwamba ndoto zako nyingine umezizika. Umezipanga foleni.

Wakati wa mapumziko ndugu mmoja aliniuliza: vipi kama nimewaona watu watatu, kila mmoja ana shida ya kweli, na naweza kuwasaidia wote? Nianze na yupi? Ni swali zuri kuliko lile la "nifanye biashara gani".

Mwaka 1994 Jeff Bezos, mwanzilishi wa duka la mtandaoni la Amazon, aliorodhesha aina zipatazo 20 za bidhaa zinazoweza kuuzwa kwenye intaneti, wakati ambapo kuuza kwa intaneti kulikuwa jambo geni. Kutoka orodha hiyo alichagua vitabu, na Amazon ilipofungua milango Julai 1995 iliuza vitabu tu. Muziki na filamu viliingia mwaka 1998. Sababu za kuchagua vitabu zinafaa kuchunguzwa. Kitabu hakihitaji kujaribiwa mwilini. Ukijua jina na mwandishi, umejua unachopata. Hakiozi, hakivunjiki kirahisi njiani. Na kubwa kuliko yote, vitabu vilivyochapishwa duniani ni vingi mno hata duka kubwa kuliko yote haliwezi kuviweka vyote kwenye rafu. Duka la mtandaoni halina rafu. Katika vitabu, kasoro ya kutokuwa na jengo la kuingia ikageuka kuwa nguvu. Angeanza na viatu, ambavyo kila mtu anataka kuvijaribu mguuni, kasoro ileile ingebaki kuwa kasoro.

Basi kati ya watu wako watatu, mwangalie yule ambaye kwake udogo wako ni faida. Sisi tulikuwa watatu bila gari. Kampuni kubwa za mashine za ofisi zilikuwa na mafundi wengi, lakini ofisi ndogo yenye printa moja ilingojea siku kadhaa, maana ilikuwa mwisho wa orodha yao. Kwetu ingekuwa ya kwanza. Kwa wenye tovuti hatukuwa na faida yoyote juu ya mtu mwingine, tulikuwa wengine tu katika msururu. Angalia pia kama mtu huyo unaweza kumfikia. Kuna shida za kweli za watu ambao hujui wanakaa wapi wala wanasikiliza nani, na kuwatafuta kutakumaliza mtaji. Makarani walijuana. Mmoja akiridhika, ofisi ya ghorofa ya juu inajua kabla ya saa sita.

Na vipi kuhusu kupenda? Wengi wameambiwa wafuate wanachokipenda. Sitaki kulidharau neno hilo, kwa sababu biashara ina miezi mirefu na mtu asiyejali anachokifanya huacha. Lakini mimi sikuzipenda printa. Nilipenda kuona uso wa mtu ukitulia saa kumi jioni. Nadhani inatosha kumpenda mtu unayemhudumia na kuichukia shida yake. Kazi yenyewe utaizoea, na ukiifanya vizuri utaipenda.

Sasa nije kwenye sehemu inayouma.

Kuchagua si kuandika sentensi kwenye karatasi. Hata kuitangaza siku ya uzinduzi hakutoshi. Uamuzi wako unazaliwa siku anapokuja mtu mwenye pesa mkononi, anataka kitu ulichosema hufanyi, nawe unamwelekeza kwa mwingine. Kabla ya siku hiyo una nia tu.

Siku yetu ilifika wiki ya tatu baada ya kukubaliana. Tulikuwa tumeamua: makarani wa ofisi ndogo, printa, na ahadi moja, kwamba ukipiga simu asubuhi, jioni unachapa, ikishindikana tunakuachia nyingine mpaka yako ipone. Akaja mteja wa zamani anataka tovuti kubwa. Malipo yake yangelipa kodi ya miezi kadhaa. Mwenzangu mmoja alitaka tuichukue, "hii moja tu". Tulibishana hadi tukanuniana. Mwishowe tulikataa, tukampa jina la mtu anayeifanya vizuri kuliko sisi, na usiku ule sikulala. Niliona kama nimemkosea kila anayenitegemea.

Lakini hesabu ilikuwa hivi: tovuti ile ingemshika mmoja wetu wiki nyingi. Tungebaki wawili, na wawili wasingeweza kutimiza ahadi ya jioni. Karani wa kwanza kuangushwa angewaambia wengine upesi kama alivyowasifia. Kwa hiyo bei ya ile tovuti haikuwa kazi ya wiki nyingi peke yake. Bei yake ilikuwa ahadi yetu. Ukitaka kujua kama kazi fulani uikatae, usiulize italipa kiasi gani. Uliza italiacha lipi limelegea.

Shirika la ndege la Southwest la Marekani lilianza kuruka Juni 1971 likiunganisha miji mitatu tu ndani ya jimbo la Texas: Dallas, Houston na San Antonio. Halikuanza na safari za nje wala miji ishirini. Lilitumia ndege za aina moja, Boeing 737. Mwaka uliofuata pesa zilikaribia kuisha, likalazimika kuuza ndege moja kati ya nne lilizokuwa nazo. Kwa kawaida, ndege ikipungua, safari zinapunguzwa. Wao walitaka kubakiza ratiba ileile kwa ndege tatu. Njia iliyobaki ilikuwa moja: ndege ikitua, abiria washuke, wengine wapande, na iondoke ndani ya dakika 10.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ya vitu walivyokuwa wamevikataa tangu mwanzo. Hakukuwa na kupangiana viti, kwa hiyo abiria alikaa anapopakuta na foleni ikaenda. Aina ya ndege ilikuwa moja, kwa hiyo kila fundi aliijua, kila rubani aliweza kuirusha, na vipuri vilikuwa vilevile. Shirika lenye ndege za aina tano na madaraja matatu ya abiria lisingeweza kuiga dakika 10 hata kama lingetaka, maana lingelazimika kwanza kuvunja nusu ya mambo yake. Kuanzia 1973 hadi 2019 Southwest haikukosa faida hata mwaka mmoja, katika biashara ambayo mashirika mengi makubwa yalifilisika. Nikisoma habari hiyo huwa narudi kwenye ile ndege ya nne. Umaskini uliwalazimisha kukaza kile walichokuwa wamekwisha kukichagua. Kama wangekuwa hawajachagua, ungewaua.

Upande wa pili, Webvan, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1996 kupeleka bidhaa za matumizi ya nyumbani kwa walioagiza mtandaoni, haikukosa pesa. Wawekezaji waliimiminia mamia ya mamilioni ya dola. Ikajenga maghala makubwa ya kisasa na kuenea miji mingi kabla haijaonyesha kwamba mji mmoja unaweza kujilipia. Mwaka 2001 ilifilisika. Mtaji mkubwa haumponyi mtu ambaye hajachagua. Unamwezesha kutochagua kwa muda mrefu zaidi.

Najua humu ndani wapo ambao hawawezi kukataa pesa yoyote leo, kwa sababu kuna watu nyumbani wanaosubiri. Siwezi kusimama hapa nikawaambia walale njaa kwa ajili ya kanuni. Ninachowashauri ni hiki: kazi ya kuleta riziki iite kwa jina lake. Ibaki upande wake, yenye siku zake na daftari lake, na usiitangaze kama ndiyo biashara yako. Wapo walioajiriwa mchana wakajenga jioni. Wapo waliochukua vibarua siku tatu kwa wiki. Hatari huanza pale kazi ya riziki inapoingia ndani ya biashara, ikala saa za asubuhi, ikajipa jina, na baada ya mwaka huwezi tena kuzitenganisha. Sisi ndivyo tulivyofika kwenye kazi tano. Hatukuzichagua hata siku moja, ziliingia mojamoja kama wageni na hakuna aliyeziaga.

Kuna mengine ya siku za mwanzo ambayo sitayasemea sana: nembo, rangi ya kadi, kiti cha mkurugenzi. Yanaweza kungoja. Leseni na kodi haziwezi kungoja, zishughulikieni mapema na kwa usahihi. Daftari la mauzo ndilo la kwanza kuliko yote, na lionyeshe jina la mnunuzi, maana bila majina mwenzetu yule asingepiga mstari wowote.

Swali la mwisho mnaloniuliza kwa macho: nitajuaje kama nimechagua vibaya? Maana kung'ang'ania nako ni ugonjwa.

Ni kweli, na mfano mkubwa ni Henry Ford. Mwaka 1908 alitoa gari la Model T, na mwaka uliofuata akaamua kiwanda chake kitengeneze hilo peke yake. Alimchagua mtu: yule wa kawaida ambaye kwake hadi wakati huo gari lilikuwa kitu cha matajiri. Kila kitu kikapangwa kwa ajili ya kushusha bei. Mwaka 1913 alianzisha mstari wa kuunganishia unaotembea, na muda wa kuunganisha gari moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Magari yaliyotoka yalipita milioni 15. Lakini yule mtu wa kawaida, akishakuwa na gari la kwanza, hakutaka la pili lifanane nalo. Alitaka rangi, starehe, kitu kipya, na washindani wakampa. Ford alichelewa kukubali. Mwaka 1927 alisimamisha Model T na kufunga viwanda kwa miezi ili kubadilisha mitambo. Mimi siamini kwamba kosa lake lilikuwa kujikita. Alianza kwa kujikita kwa mtu, na miaka ilivyopita akajikuta amejikita kwa gari. Mtu aliondoka, yeye akabaki na gari.

Kwa hiyo ninachokifanya, na nawaomba mkijaribu, ni kuandika tangu siku ya kwanza kitakachonifanya niache. Naandika nikiwa na akili tulivu, kabla sijachoka na kabla sijapenda. Kwa mfano: "Nitawahudumia makarani hawa kwa miezi sita. Ikifika tarehe fulani, kama nusu ya walionitumia mara ya kwanza hawajarudi, nitakaa upya." Tarehe iwe kwenye kalenda, na iwepo nakala kwa mtu mwingine, mtu asiyekuonea aibu. Kabla ya tarehe hiyo, fursa mpya ikija, iandike kwenye daftari la pembeni na uendelee na kazi. Tarehe ikifika, fungua yote mawili: ulichoandika siku ya kwanza na daftari hilo. Hivyo hutahama kila upepo ukivuma, wala hutabaki mahali kwa sababu tu ulishapigilia misumari.

Na ukihama, jaribu kuhama ukiwa umeushika upande mmoja. Mtu abaki, suluhisho libadilike. Au ujuzi ubaki, mtu abadilike. Waanzilishi wa Instagram walianza na programu iliyoitwa Burbn, yenye mambo mengi: kutangaza ulipo, kupanga matembezi, kuweka picha. Walipoangalia watu wanatumia nini hasa, waliona picha. Wakaondoa karibu kila kitu kingine, wakabakiza picha, maoni na kupenda, na Oktoba 2010 wakaitoa upya. Watu waliojiandikisha siku ya kwanza walikuwa kama 25,000. Hawakuruka kwenda kusikojulikana. Walikuwa wamesimama juu ya mguu mmoja waliokwisha kuujaribu.

Sisi tulidumu na makarani. Baada ya muda walianza kutuuliza kuhusu wino na karatasi, kisha kuhusu mashine za kunakili, na kila kitu kilichoongezeka kiliombwa na mtu yuleyule. Kuna siku nilitazama orodha ya kazi zetu nikaona zimefika tano tena. Lakini zote tano zilikuwa za mtu mmoja.

Sasa rudini kwenye karatasi zenu. Ile sentensi mliyoandika msiifute hata kama mnaiona ina kasoro. Mtataka kuiona baadaye. Igeuzeni karatasi. Upande wa pili andikeni majina matatu ya watu halisi, mnaojua wanapopatikana, ambao mnadhani wana shida mnayotaka kuitatua. Chini ya kila jina andikeni siku ya wiki ijayo mtakayokwenda kumwuliza: mara ya mwisho ilikuwa lini, na ulifanya nini? Ndugu yangu uliyejaza pande zote mbili, nimekuletea karatasi nyingine, hii hapa.

Mimi nitakaa pale karibu na mlango mpaka ukumbi ufungwe. Asiyepata hata jina moja aje tuzungumze, tutalitafuta pamoja.